Masega Aliyoyafukia Baba

Mdogo wangu Kabula,

Nisamehe kwa ukimya wa miezi saba. Barua yako niliipata, nikaisoma, nikaiweka ndani ya kamusi, na kila nilipoikuta humo niliifunika tena. Simu zako pia niliziona zikilia, nisizipokee. Hilo ni kosa langu, wala silitafutii sababu. Je, hujambo? Shemeji na watoto hawajambo? Mguu wako umepona? Mvua za Goweko zimekuwaje? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku Uswidi imeniingia magotini.

Sikuja kumzika baba. Niliwaambia kwamba nasimamia mitihani, na mitihani ilikuwapo kweli. Lakini mwalimu mwenzangu alijitolea kunishikia zamu, nami nikakataa. Niliogopa kusimama mbele ya kaburi la mtu niliyemwaibisha.

Jambo hili hulijui, kwa kuwa wakati huo ulikuwa umeolewa Bukene, kabla hamjahamia Goweko. Unakumbuka baba alivyokuwa akipiga mluzi kando ya njia ya zamani ya misafara, na ndege wa asali akamjia, akaruka mti hata mti akimwongoza mpaka kwenye nyuki waliojificha ndani ya gogo. Unakumbuka pia kwamba baba hakuondoka kabla ya kumwekea ndege huyo sega lenye nta juu ya jani. Nilipokuwa nikiandika tasnifu yangu ya tabia za wanyama, nilimtaka ayafukie masega yote kwa msimu mmoja, ili nijue kama ndege mwenye njaa huwaongoza watu zaidi.

"Nimemwita mimi," baba alisema. "Kisha nimnyime?"

"Ni msimu mmoja tu, baba. Ni elimu."

"Haya, msomi. Chimba shimo wewe, mimi nitafukia."

Alifukia. Ndege alizidi kuja. Hata uani alifika, akilia juu ya paa la jiko. Mimi nilihesabu, nikaandika, nikapata shahada na kazi hii. Msimu ulipokwisha baba aliniuliza, "Umekipata ulichokitaka?" Nikajibu kwamba nimekipata. "Basi mimi simwiti tena. Nitamtazamaje?" Tangu siku hiyo hakupiga mluzi. Ninyi mlidhani ni kwa sababu ya meno kung'oka, naye akawaacha mdhani hivyo, ili asinitaje.

Mluzi wake ninao. Niliunasa kabla ya msimu ule. Kila mwaka wanafunzi wangu huusikia, katika somo la namna viumbe wasiofanana wanavyojifunza, kizazi baada ya kizazi, kufaidiana. Wiki moja baada ya maziko niliwasikilizisha tena. Binti mmoja akauliza kama mzee huyo bado anamwita ndege. Nikasema, "Ndiyo." Sikuwa nimepata kusema uongo darasani kabla ya siku hiyo. Niliwaruhusu watoke kabla ya saa.

Sasa nirudi kwenye swali lako. Unasema shemeji anataka kuikata miombo ya baba iwe kuni za bani, kwa kuwa tumbaku lazima ikaushwe humo kwa moto, na kwamba mizinga mingi mle imebaki mitupu. Uliandika: "Kaka, wewe unaipenda miti hiyo ukiwa mbali. Njoo uitunze, au utuache tukate." Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nilikiri kwamba umesema haki, maana wewe ndiye uliyemuuguza baba. Chuo nacho kimenitaka nibaki miaka miwili zaidi, na kinangoja jibu. Nikiwajibu wao, nitakuwa nimekujibu na wewe.

Nisalimie shangazi, aliyemfumba baba macho, na mchungaji, aliyelitaja jina langu miongoni mwa wafiwa ingawa sikuwapo. Mwambie shemeji namsalimu kwa heshima, na namwomba asipeleke shoka mle kwa sasa.

Mkirina asali, hata ya mzinga mmoja, wekeni sega juu ya jani, pale njiani alipokuwa akisimama baba. Msingoje kuona kama ndege atakuja.

Siku nitakapoamua, nitakuandikia siku hiyohiyo kwa mkono wangu, liwe neno la kurudi au neno la kukata.

Kaka yako,
Mihayo