Koti Lililokosa Misa

Giteranyi, Jumatatu, mvua imekatika sasa hivi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naanza kwa kuliulizia goti lako la kushoto, lile linalotabiri mvua kuliko redio. Bado linakupandisha njia ya Magarama, huko Gitega, bila kununa? Na kile kikohozi, kimehama au kimepanga chumba? Mimi huku mzima, nakula, nalala, masikio tu yameungua jua. Dada Joselina unayemsomea Mama, tafadhali usiruke mistari, na usicheke kabla yake. Nakufahamu.

Mama, nina habari njema, ila nitaifikisha polepole, kwa sababu bila tumbili haieleweki.

Unalikumbuka shamba la bondeni, lile Baba alilotusimulia tukiwa bado Tanzania? Alisema chini yake kuna msitu wenye giza hata adhuhuri. Nilipofika sikuukuta. Kuna mikaratusi iliyopangwa mistari kama wanafunzi mbele ya mwalimu, na mikuyu mitano iliyosalia kando ya kijito, basi. Tumbili, ambao wenyeji wanawaita inkende, hawakuondoka. Wanalala kwenye mikuyu, wanachungulia kutoka kwenye mikaratusi, na wanakula kwangu, maana mkaratusi hauzai kitu cha kutafuna. Majirani wanawaita wezi. Mimi ulimi unasita. Nami nilirudi kwa baba yangu nikakuta pamepandwa vya mtu mwingine, na nilipokuwa nikidai sikuitwa majina mazuri.

Basi nikawa nakaa juu ya kichuguu nawatazama. Ni kumi na tisa, na mkubwa wao ni bibi mmoja aliyekatika mkia, nimemwita Kipande. Yeye asiposhuka, hashuki mtu. Wakiingia kwenye mahindi hawali pale pale. Wanajaza mashavu kama mgeni aliyesikia basi linapiga honi, kisha wanakwenda kutafunia mtini kwa heshima zao. Na siku wanazijua, Mama. Siku ya soko wanashuka mchana. Jumapili wanashuka misa ya pili ikianza, njia zikishakuwa tupu. Kuwakuta Jumatatu asubuhi ni bahati. Sijui nani aliwapa kalenda, mimi mwenyewe sina.

Jambo la tatu nililogundua ndilo lililoniponza. Mwanamke akiwapigia kelele, wanaendelea kula huku wanamwangalia, kama watu wanaosikiliza matangazo. Mwanamume akikohoa tu, wametoweka. Nadhani ni kwa sababu wanaume ndio wenye mawe na mbwa. Nilijaribu kulitundika koti langu la kahawia kwenye mti, lile ulilotaka nilifanye dekio. Siku mbili wakaliogopa. Siku ya tatu Kipande akakaa begani kwake, anajikuna. Nikaelewa kwamba koti linatakiwa kutembea.

Sasa habari njema. Jina lake ni Konsolata.

Ni binti wa Mzee Barnaba, jirani yangu wa juu, mzee wa kanisa. Tumeelewana tangu kupanda maharage. Nilipokwenda kwa babake kumdokezea, alinitazama kuanzia viatu.

“We Mtanzania,” akasema. Huku wote tuliokulia ng’ambo ni Watanzania, hata tukilima miaka kumi. “Ile shamba ya chini, mwaka jana ulivuna nini?”

“Majani, mzee.”

“Mtu anashindwa na inkende, mke ataweza? Niletee mahindi ya kule kwanza. Pombe itafuata. Na misa usikose, mi naangaliaka viti.”

Umeuona mtego, Mama? Jumapili tumbili wanashuka wakati wa misa ya pili, na misa hiyo hiyo ndiyo baba mkwe anayoangalia viti. Nikiwa kanisani nakosa mahindi, nikiwa shambani nakosa mke.

Konsolata husali misa ya kwanza, ile ya alfajiri. Nikamwambia habari ya koti. Akalivaa, akafunika kitambaa chake kwa kofia yangu, nikamfundisha mwendo wangu.

“Yaani nitembee kama mtu asiye na safari?” akauliza.

Nikamwambia ndiyo, hivyo hivyo.

Jumapili ya kwanza halikupotea hindi hata moja. Jumapili ya pili, mawili, na hayo alichoma yeye. Kipande alikaa juu ya mkaratusi asubuhi nzima, amekunja uso kama mtu aliyefungiwa ofisi. Nami nimekaa benchi la mbele, naimba kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua.

Jumapili ya tatu, yaani jana, misa iliisha mapema. Mzee akasema tuteremke pamoja. Nikajikwaa makusudi mara mbili kumchelewesha, akanisubiri mara zote mbili. Tukafika pale kilimani ambapo bonde lote linaonekana. Akasimama.

“Nestori.”

“Naam, mzee.”

“Koti yako iko shambani.”

“Ndiyo, mzee.”

“Na we uko hapa.”

“Niko hapa.”

“Koti inatembea.”

Nikasema ni upepo. Mama, hakuna hata jani lililokuwa likitikisika.

Jua nalo lilikuwa kali. Kule chini koti likasimama, likavuliwa, likatundikwa kwenye kijiti, na kofia juu yake. Wala haikupita hata dakika. Kipande akatoa sauti moja fupi, na mikaratusi yote ikateremsha watu. Konsolata akaanza kupiga kelele za kufukuza, na sauti ile Mzee Barnaba anaijua tangu ilipolia mara ya kwanza.

Nilijua nimekwisha. Niliona mahindi, posa na miezi yote ile ya maharage vinakwenda mtini ndani ya mashavu. Lakini mzee hakunigeukia. Alishika fimbo, akashuka mteremko na suti yake ya Jumapili, tai begani, akaingia kwenye mahindi akinguruma. Tumbili wakaona mwanamume, tena mwenye fimbo. Nilipofika mimi, walikuwa wote juu wanamjadili.

Mzee anahema, suti imejaa matope. Ameshika hindi lililoumwa upande mmoja. Akamwangalia binti yake, akaangalia koti, akaniangalia mimi.

“Sasa mniambie,” akasema. “Hii shamba, nani aliilinda?”

Mimi nilikuwa natafuta uongo wa tatu. Konsolata akajibu bila kupepesa:

“Umeilinda wewe, Baba. Sasa utaikataa posa yake, na wewe mwenyewe ni kibarua wake?”

Mama, mzee alicheka mpaka akakaa chini kwenye matuta. Kisha akalirusha lile hindi kuelekea mikuyuni. “Ile ameshauma, amalize,” akasema. “Na we leta pombe. Mama yako aje.”

Kwa hiyo njoo, Mama. Mahindi tutavuna wiki ijayo, isipokuwa mstari wa mwisho kando ya kijito, huo nimemwachia Kipande. Ndizi za urwarwa, ile pombe ya posa, nimeshazifukia zive, na shimo liko ndani ya ua, sirudii ujinga. Posa tumeipanga siku yoyote isiyo Jumapili wala ya soko, tusije tukakaribisha wageni kumi na tisa ambao hatukuwaalika.

Msalimie Baba Mdogo fundi baiskeli, ndiye atakayesema kwa niaba yetu, aanze kufupisha hotuba yake sasa hivi. Msalimie Shangazi muuza dagaa, na mama mwenye nyumba wenu anayeniombea mke kila Jumapili, mwambie apumzike. Barua hii inakuja kwa mkono wa Shabani, fundi cherehani wa Muyinga mjini anayefuata vitambaa Gitega. Mpe chai yenye sukari nyingi.

Na unapokuja, niletee koti. Lile la kahawia nimemdai Konsolata jana jioni. Alisema amelitembelea zaidi kuliko mimi.

Ni mimi mwanao, mwenye baridi na furaha,
Nestori