Umezikwa Bila Mtani

Masunga rafiki yangu,

Mwangaluka. Sijui huko uliko kama kuna asubuhi, lakini ndiyo salamu tuliyozoea, ipokee hivyo hivyo.

Hapa Nkololo mvua zilichelewa, pamba tukaipanda kwa kusuasua. Yule ng'ombe wako mweusi amezaa. Kabula mkeo na watoto ni wazima. Ila kuna jambo linaniuma: tangu tukuzike, hakuna anayekutaja jina. Umekuwa "marehemu" tu. Kabula anasema marehemu, watoto wanainamisha vichwa. Na mimi, niliyeitwa pale kaburini kusema neno kwa niaba ya marafiki, nilisimama, nikafungua mdomo, sauti ikakataa. Nikaketi. Jumapili hii kuna misa ya kukuombea na wameniomba tena nizungumze. Niliogopa, bwana. Nilijua nitasimama pale kama gogo.

Basi nikaenda Saadani. Ile safari tuliyoipanga miaka yote, ya kuona hifadhi ambayo wanyama wake wanafika mpaka baharini, nimeifanya peke yangu. Kabula alinifungia matobolwa, vile viazi vikavu ulivyokuwa huachi hata kimoja, akasema, "Shemeji, nenda tu. Hiyo bahari mmeiongea sana."

Nimeuona mto Wami na viboko wake. Nimepita kwenye mikoko, mizizi imesimama juu ya tope, na nimeona nyayo za tembo kwenye mchanga wa pwani, maji yakizifuta polepole. Tulitembea mno, mimi na wageni wengine wawili nyuma ya kiongozi wa hifadhi. Wewe ungelalamika tangu hatua ya kwanza. Njia nzima nilikuwa nakusikia, "Limbu, tupumzike kidogo," na hiyo kidogo yako naijua.

Kesho yake tulitokea tena ufukweni nikiwa na kiu kali. Nikafanya kama tunavyofanya ziwani kwetu Lamadi: nikachutama, nikachota kwa viganja, nikanywa. Masunga! Nilitema mpaka machozi yakanitoka. Habari za chumvi nilifundishwa shuleni, lakini mikono haikwenda shule.

Kiongozi wetu, dada mmoja Mzigua aitwaye Mwanahawa, alicheka huku kajishika kiuno. "Wewe kabila gani?"

"Msukuma."

"Ndiyo maana! Mtani wangu, umekuja kutumalizia bahari?"

Unajua Wazigua ni watani wetu, wa kututania hata msibani, tangu enzi za mababu waliokuja pwani kwa miguu. Akauliza mbona nimekuja peke yangu. Nikamwambia mwenzangu wa safari hii amefariki. Nilitegemea atasema pole. Wapi!

"Mmezika bila mtani? Mtu wa watu amelala huko na hakuna aliyemcheka? Anaitwa nani?"

"Masunga," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba.

Akajilaza pale pale mchangani, na sare yake, mikono kifuani. "Basi mimi ndiye Masunga. Nimechoka, nibebeni. Siamki mpaka nipewe chakula."

Ilikuwa wewe mtupu! Wenzetu wawili wa msafara walishika midomo kwa aibu. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha kicheko kikageuka kilio, nikalia kwa sauti, kilio ambacho Nkololo kiligoma kutoka. Naye akabaki amelala, ananisubiri. Nilipotulia nikampa matobolwa. Akainuka anatafuna, akajikung'uta mchanga.

"Sasa amezikwa," akasema. "Pole, mtani."

Tukaendelea na safari, na upepo ulikuwa mzuri.

Nimerudi jana. Bado nakukumbuka sana, Masunga, na wala sitarajii kuacha. Lakini woga umeniisha. Jumapili nitasimama, na neno marehemu halitanitoka. Nitasema Masunga alikuwa mvivu wa kutembea kuliko wote wilayani. Nitasema alikuwa akisinzia kwenye mahubiri, halafu nyumbani anayasimulia yote, aliyoyatunga mwenyewe. Nitasema nilimpenda. Kabula anaweza kunikata jicho. Nitavumilia, kesho yake nitakwenda kumsalimia na kukutaja tena.

Pumzika, ndugu yangu, safari hii hakuna atakayekuharakisha. Na wanao wakicheka kanisani, usishtuke: ni baba yao ametajwa.

Mwenzio,
Limbu