Kipande cha Pili cha Doti

Wifi yangu Zuhura,

Kariakoo inasemaje bila mimi? Huku rasini bahari iko mbele ya nyumba na nyuma pia, na upepo hauna likizo. Mchana nakula pweza wa nazi kwa muhogo mpaka naona uvivu kusimama. Mwambie kaka nimeshanenepa.

Sasa sikia. Mwenyeji wangu, Bi Somoe, nilimpa ile doti nyekundu ya kanga ya dukani kwetu. Akaikunjua, akaisifu, kisha akachukua mkasi akaikata palepale. Kipande kimoja akajifunga, cha pili akanirudishia.

"Bi Somoe, zote mbili ni zako!" nikamwambia.

Akanicheka. "Sasa nikivaa peke yangu, sare nitavaa na nani?"

Jioni tukatoka hivyo hivyo kwenda ufukoni, na kila tuliyekutana naye akauliza kama mimi ni mdogo wake.

Nimekuwaza sana, wifi. Mimi na wewe tunafungua marobota ya kanga kila wiki, tunagombania mpaka kiti cha kaunta, na hatujawahi kugawana hata doti moja. Uliposema nije kupumzika nilinuna, nikadhani umenichoka.

Wabusu watoto, na wewe ule vizuri, usishindie chai. Halafu ile doti ya njano yenye michoro ya korosho usimuuzie mtu, hata akilia. Mkasi nakuja nao mwenyewe.

Wifi yako,
Mwajuma