Mkia wa Msafara

Jumapili, 3 Mei

Tumefika. Nyumba ya wageni ipo pale vilima vinapoanza. Chumba changu kipo ghorofani — ngazi ishirini na mbili, nimezihesabu kwa goti. Goti la kulia. Daktari alisema nipumzike miezi mitatu. Nilipumzika wiki tatu nikaona inatosha.

Mdogo wangu hajui. Yeye ndiye mwenye msafara, na tukiwa barabarani anataka nimwite Kiongozi kama wengine. Haya, Kiongozi. Nilimbeba mgongoni huyu! Akijua habari za goti ataniweka ofisini nijibu simu, na mimi ofisini nitakufa kabla ya siku zangu.

Wageni tisa, siku sita za kuendesha baiskeli: kwanza vilima, kisha mfereji, kisha pwani mpaka mnara wa taa. Jioni Kiongozi amewaeleza utaratibu wa kona. Yeye yuko mbele. Akifika njia panda anamsimamisha aliye nyuma yake, huyo anabaki pale kuwaonyesha wenzake pa kukata. Haondoki mpaka mkia afike. Mkia ndiye mimi, mtu wa mwisho, simpiti yeyote. Nikifika, mwenye kona anatangulia, nami namfuata nyuma. Miaka kumi na moja hatujapoteza mtu.

Mzee mmoja akanyoosha mkono kama yuko darasani. Na mkia asipofika? Watu wakacheka. Kiongozi akasema, huyu ni dada yangu, mzee wangu, hata siku ya kiyama atafika, ila wa mwisho. Mzee hakucheka. Alitaka jibu. Akaambiwa: unasubiri.

Jumatatu, 4 Mei

Kilomita arobaini na nane. Kupanda, kushuka kidogo, kupanda tena. Barabara nyembamba, kuta za mawe pande zote mbili, mbuzi wanatutazama kama tumerukwa na akili. Huenda wana haki.

Yule mzee alikuwa mlinzi wa geti la reli, pale barabara inapokatiza njia ya treni. Miaka thelathini na moja, geti lile lile. Wageni wameshambatiza Mzee wa Geti. Mkewe alifundisha shule ya msingi, naye tunamwita Mwalimu. Wanaendesha wawili hao kwa mwendo wa kwenda sokoni, lakini hawashuki kwenye baiskeli hata mlima uwe ukuta. Vijana wa kundi wanatweta, wao wanaongea habari za bomba la bafuni kwao linalovuja.

Leo Mzee wa Geti amepewa kona tatu. Ya kwanza nimemkuta amesimama wima, mkono umenyooka kushoto, na nyuma yangu hakuna mtu. Nikamwambia mzee, shusha mkono, ni mimi tu. Akasema: "Na wewe si mtu?" Akatazama saa, akaandika kwenye kidaftari chake. Kisha akauliza mbona nimekuja dakika kumi na nne baada ya daktari wa meno, mgeni aliyekuwa mbele yangu. Nikasema nilikuwa naangalia mandhari. Akanitazama mguu.

Nimempenda. Ni msumbufu kama mimi.

Jumanne, 5 Mei

Goti limevimba, halikunjiki. Kilomita thelathini na tano tu leo, kando ya mto, tambarare karibu yote, na bado nimetokwa na machozi mara mbili.

Dereva wa gari linalobeba mizigo ya wageni ameniona nashuka ngazi kinyumenyume. Ameniletea barafu kwenye mfuko, pamoja na ushauri. Kesho ndio mlima mkubwa. Anasema, dada, panda gari pale kinu cha zamani, nikupitishe barabara kuu mpaka upande wa pili, ushuke, uwadandie kwa nyuma. Nani atajua? Nimemwambia aache upuuzi.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mama alitulea na msemo huo. Lakini mama hakuwahi kupanda mlima huu kwa baiskeli.

Jumatano, 6 Mei

Jioni.

Asubuhi ilikuwa mvua na ukungu. Wakati wa chai Kiongozi alisema: kutoka kinu cha zamani mpaka kileleni, na kushuka hadi mfereji, njia ni moja. Kilomita kumi na tisa, hakuna kona hata moja. Nilisikia kwa masikio yangu. Ndio maana nilikubali. Kama hakuna kona, nani atanisubiri?

Nikapanda gari kinuni saa tatu. Baiskeli nyuma, mimi mbele, joto la injini miguuni. Niseme kweli — nilifurahi. Nilisinzia hata.

Dereva akanishusha chini kule upande wa pili. Nikajibanza nyuma ya ukuta wa ghala mpaka wakapita. Sikuwahesabu vizuri. Ukungu, makoti ya mvua, wengine wanapita wawili wawili. Nikaingia nyuma ya wa mwisho na kuanza kutweta, ili nionekane nimetoka mlimani. Hata kutweta niliigiza!

Saa saba tukafika kwenye malango ya maji ya mfereji, yale ya kupandisha na kushusha mashua, kula. Mwalimu akazunguka meza mara moja, akazunguka tena. "Mume wangu yuko wapi?"

Mti ulikuwa umeanguka. Hilo mimi sikulijua. Umeanguka karibu na kilele na kuziba njia, Kiongozi akalazimika kuwakatisha kwenye njia ya msituni. Akaweka kona. Akamweka Mzee wa Geti.

Kiongozi akanigeukia mbele ya watu wote: dada, ulimkuta kona ya juu? Mdomo ukanitangulia. Nikasema nilipofika pale hapakuwa na mtu. Akauliza, sasa ulijuaje pa kukata? Nikasema nilifuata alama za matairi kwenye tope. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu imenipeleka mbali kuliko nilivyotaka.

Kwa maneno yangu hayo wote wameelewa hivi: mzee aliondoka kabla ya mkia, akashuka, akapotea huku chini ambako njia zinagawanyika kando ya mfereji. Dereva amepanda na gari kwa upande huu mpaka kwenye mti, akatembea kutazama kona, saa nane na nusu. Hakuna mtu. Simu ya mzee imo kwenye mkoba wa mkewe, hapendi kutembea nayo.

Polisi wamekuja. Walinzi wa malango wana miti mirefu, wanachokoa majini kumtafuta. Na mimi nimetembea nao ukingoni nikimwita mzee, nimeita kuliko wote, sauti imenikauka. Sijui nilikuwa najua nini. Labda kweli aliondoka. Labda.

Alhamisi, 7 Mei

Sikulala. Mvua imenyesha mpaka alfajiri, na kila nilipoisikia juu ya bati nilifikiria koti lake jembamba.

Mwalimu amekaa jikoni kwa mlinzi wa malango, koti la jana bado mwilini. Nimempelekea chai. Amenishukuru! Halafu akaanza kuongea, si sana na mimi, zaidi na kikombe. Kwamba siku mtoto wao wa kwanza anazaliwa, mume wake alikuwa getini, hakutoka mpaka aliyempokea zamu alipofika. Mwalimu alimnunia mwaka mzima. Mtu wa namna hiyo hawezi kuacha kona.

Kisha akasema: "Basi ni kichwa. Kimeanza kumwacha." Mwezi uliopita alisahau funguo mlangoni, naye akamcheka. Anajilaumu. Anasema dalili zilikuwepo, na yeye, mkewe kwa miaka arobaini, hakuziona. Amewaambia polisi hivyo. Kwamba mume wake huenda amechanganyikiwa na wamtafute kama mtu asiyejua alipo. Nao wameandika.

Wameandika! Mzee mwenye akili timamu kuliko msafara mzima, wamemwandika hivyo kwa sababu yangu.

Nimetoka nje, Dereva akanifuata. Dada, mimi nina watoto wanne na kazi moja. Anasema mzee ataonekana tu, kando ya mfereji watu hawakosekani. Nikamwuliza, wewe ungekuwa yeye, umesimama juu kule, mkia hatokei, saa nzima, saa mbili, ungefanya nini? Akasema ningeshuka nikale. Nikamwambia ndiyo, wewe.

Yule angerudi. Angerudi nyuma kunitafuta, kwa sababu kwa hesabu yake nilikuwa bado njiani, na nimepatwa na jambo. Nalijua hili tangu jana mchana. Nimelikalia.

Saa nne na nusu

Nimesema. Kwa Kiongozi na polisi, Mwalimu akiwa pale pale. Nilipandia gari wapi, saa ngapi, nilishukia wapi. Dereva imebidi nimtaje. Amekaa kwenye ngazi, kichwa mikononi.

Mdogo wangu alisema tu: "Tangu jana?" Nikamwita kwa jina lake la utotoni. Tayari alikuwa na ramani mkononi, anawaonyesha polisi waache mfereji, wapande mlimani, waanzie konani kurudi kinuni.

Mwalimu hakunitukana. Ningependa anitukane. Aliuliza kitu kimoja: kwa hiyo hakuacha kona yake? Nikasema hapana, mama. Alisubiri mpaka alipoona nimechelewa kupita kiasi, ndipo akaondoka. Akavuta pumzi. Akamgeukia polisi mwenye daftari, akamwambia kwa ile sauti ya darasani: "Futa ulichoandika." Polisi akafuta, yeye akisimama juu yake kuhakikisha.

Kisha Mwalimu akaingia kwenye gari la polisi bila kukaribishwa. Nami nikaambiwa nipande, niwaonyeshe pale kinuni.

Saa saba kasoro robo

Ndani ya gari, mlimani. Ukungu bado.

Baiskeli yake imeonekana saa sita. Kilomita nne kutoka konani, kwenye njia ya kurudi kinuni. Imeegemezwa kwenye kizuizi cha chuma ukingoni mwa barabara, imefungwa kufuli. Ng'ambo ya kizuizi ni bonde, mawe na miiba.

Kidaftari kilikuwa kwenye mfuko wa usukani. Polisi amemwonyesha Mwalimu, Mwalimu akanipa mimi nisome, miwani yake imeloa. Saa nne na dakika tano, nimeshika kona. Saa nne na ishirini na mbili, daktari wa meno amepita. Saa tano, mkia bado. Saa tano na nusu, mkia bado, mguu wake ulikuwa unamsumbua. Saa sita kamili, nakwenda kumtazama. Nimesoma kwa sauti mpaka hapo kwenye mguu. Hapo Mwalimu amemalizia mwenyewe, ameinamia karatasi.

Mwokoaji mmoja, wa wale wanaoshuka bondeni kwa kamba, amekuja dirishani. Aliuliza jana nilivaa koti la rangi gani. Nikasema la njano. Akatikisa kichwa taratibu. Anasema kuna gunia la plastiki la njano kule chini, limenasa kwenye kichaka, na kwa ukungu wa jana mtu aliyesimama hapa juu angeapa ni mwanadamu ameanguka. Kuna alama za viatu zimeteleza kuelekea kwenye gunia.

Amenifuata mimi. Miaka sabini na mbili, viatu vya baiskeli, kwenye tope lile! Siku tatu tu tumefahamiana. Mimi, alipokuwa ananisubiri konani, nilikuwa nyuma ya ukuta wa ghala, natafuna biskuti za Dereva.

Mwalimu yuko kando yangu. Amesikia yote. Ameushika mkono wangu wa kushoto, hauachii, na sijui kama anajua ni wa nani. Kwa wa kulia naandika, nikiacha nitapiga kelele.

Redio ya polisi imelia. Walioko chini wanaomba machela. Mdogo wangu ameshuka garini, anafungua mlango wa nyuma kutoa machela, mkanda wake unamshinda.

Mwalimu ameuliza kama wameomba na blanketi. Anayehitaji blanketi ni anayesikia baridi.

Polisi hakumwelewa mara ya kwanza. Akarudia, taratibu, kama anayemsomea mtoto imla: wameomba machela peke yake, au na blanketi? Polisi amebonyeza redio, ameuliza. Inakwaruza tu. Ameuliza tena —