Neno Nililomwambia Mwadi Dirishani

Lubumbashi, Jumapili baada ya misa

Anyesi, mdogo wangu mpendwa,

Natumaini karatasi hizi zinakukuta umesimama vizuri kwa miguu yote miwili, na kwamba lile goti lililokutesa wakati wa kupanda linakuruhusu sasa kufika shambani. Na shemeji, kifua chake kinasemaje tangu mvua zirudi? Mimi nipo. Macho yanachoka mapema, lakini bado nasoma kurasa chache kila asubuhi, na miguu bado inanifikisha kazini chuoni Kasapa.

Mwadi alikuambia mwenyewe kwenye simu, katika wiki zile nitakazokueleza hapa, kwamba masomo ya chuo yamemshinda. Nawe ukanipigia, na kabla mtandao haujakatika ukasema nimpandishe lori la Jumanne arudi Mitwaba. Lori limefika bila yeye. Dereva amekuletea barua hii. Usikasirike kabla hujafika mwisho. Masomo hayakumshinda binti yako. Aliyekosea ni mimi, na nataka ulisikie hilo kutoka kwangu, kwa utaratibu, kwa sababu simu inameza nusu ya maneno.

Unajua kazi yangu. Nakaa nyuma ya dirisha la ofisi ya fakulte, naandikisha wanafunzi, napiga mihuri, najaza orodha za waliofanya mitihani na wasiofanya. Miaka yote hii nimejivunia kwamba dirishani kwangu hakuna ndugu. Mwadi alipofika, siku yake ya kwanza, nilimwambia mambo mawili. La kwanza, kazini mimi si mjomba wake. Atasimama mstarini kama wengine. La pili, mambo ya kazi hayaingii nyumbani. Nilifikiri namfundisha heshima. Akaitikia kwa kichwa, kama ulivyomlea.

Wiki ya pili akaja dirishani. Mstari ulikuwa umefika kwenye ngazi, nami nilikuwa nimeinamia mafaili. Nikasikia sauti ikiuliza ratiba ya mwaka wa kwanza iko wapi. Sikuinua kichwa.

“Angalia ku valves,” nikasema. “Mwingine.”

Valves ni zile mbao za matangazo nje ya jengo letu. Jina tumelirithi kwa Wabelgiji, na kila mtu chuoni analitamka kama anavyotamka mlango au kiti. Lakini wewe, Anyesi, ukisikia valve unafikiri nini? Mumeo anatengeneza baiskeli tangu Mwadi hajazaliwa. Kwa mtoto huyo valve ni kile kidude cha mpira wa baiskeli cha kuingizia upepo. Hakuwahi kusikia nyingine.

Basi akatoka nje ya lango kutafuta mtu mwenye valve. Kando ya barabara yuko kwado, fundi wa kuziba matairi, mwenye pampu moja na maneno mengi. Mwadi akamsalimu kwa adabu, akamuuliza kama ratiba ya mwaka wa kwanza iko kwake.

“Orere? Haiyafika, mama,” yule bwana, anayeita ratiba orere kama wote huku, akamjibu bila kucheka. “Rudia kesho asubui. Na usichelewe, bantu banakuwaka bengi.”

Akarudi kesho yake. Akarudi na keshokutwa. Siku ya tatu wanafunzi wa miaka ya juu waliokuwa wamekaa pale walimsikia akiuliza. “Muone ule bleu,” mmoja akasema, maana bleu ndivyo wanavyowaita wapya, “anatafuta orere mu tairi.” Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Siku hiyohiyo, katika ukumbi asioujua, wenzake walikuwa wanafanya jaribio la kwanza la kemia. Orodha niliijaza mimi. Mbele ya jina la Mwadi niliandika “hayupo”, nikawaza kwamba mtoto ameanza uvivu wa mjini, na kwa ajili ya sheria yangu sikumuuliza neno.

Tangu hapo hakukanyaga tena chuo. Kila asubuhi alibeba mfuko wake, akaniaga, akaondoka. Ilichukua majuma mawili mimi kujua anakoenda, na hata hapo nilijulishwa na Mama Veronika, yule anayefagia kanisa la parokia yetu.

“Papa Fideli,” akaniambia, “ule mutoto wa kwako anasali kupita hata padri. Anaingia saa mbili, anatoka saa saba. Iko na shida gani?”

Jumamosi nikakaa naye barazani tukichambua maharagwe. Nikamuuliza kama aliwahi kuona ubao wa matangazo.

“Ubao gani, Tonton?” Ndivyo wanavyomwita mjomba huku.

“Valves.”

“Nilienda. Ule papa wa pompe aliniambia orere haiyafika.”

Akanieleza yote, taratibu, huku mikono ikiendelea na maharagwe. Nikamuuliza mbona hakuniuliza mimi.

“Ulisema ku kazi hauko mjomba wangu.”

“Na ku nyumba?”

“Ulisema mambo ya kazi haiingiaka ku nyumba.”

Hakusema kwa kiburi, Anyesi. Alikuwa ananikumbusha tu, kama mtu anayekuonyesha mahali ulipoacha miwani yako. Sikuweza kuendelea kuchambua.

Jumatatu nilikwenda kwa asistenti anayefundisha kemia, kijana wa Kasomeno, mkali lakini mwenye haki. Nilimwomba Mwadi apewe jaribio upya.

“Papa Fideli, absent ni zero,” akasema. “Weye mwenyewe njo unaandikaka ile karatasi.”

Nikamsimulia habari yote mbele ya Mama Jeanne, mwenzangu wa ofisini. Alipofika kwa kwado na pampu yake, asistenti alicheka. Halafu akaniangalia.

“Na bale bengine benye unatumaka ku valves, banajua ni nini?”

Mimi niliyejisifu kwamba sina ndugu dirishani, nilikuwa nimekuja kumwombea ndugu yangu peke yake. Alikubali kwa sharti moja: niwatafute wote niliowaandika “hayupo”, nao wafanye pamoja na Mwadi.

Nikaichukua orodha, nikawapigia mmoja mmoja. Walikuja kumi na mmoja, karibu wote kutoka mbali. Mmoja alikuwa akingoja kengele ipigwe, kama katika shule ya sekondari, ndipo aingie darasani. Mwingine alihudhuria siku tisa masomo ya fakulte isiyo yake, na daftari lake lilikuwa safi kabisa. Nilipomuuliza kwa nini hakuuliza mtu, alisema kila mtu alionekana anajua.

Sasa asubuhi naweka kiti changu nje, karibu na mbao, na Mama Jeanne anashika dirisha. “Mzee, banakupatia kazi ya sentineli?” ananitania kila anapopita, kana kwamba nimekuwa mlinzi wa lango. Namwacha atanie. Nawaonyesha wapya ratiba kwa kidole, kisha namwomba kila mmoja anirudishie nilichosema, kwa sababu watoto wetu wanaitikia “ndiyo, papa” kwa adabu hata wasipoelewa kitu, nami kwa miaka mingi nilikuwa nikiichukua ile “ndiyo” na kuita anayefuata. Ni wangapi walirudi kwao hivyo, sitajua kamwe. Majina yao yamo katika vitabu vyangu, kwa mwandiko wangu mzuri.

Mwadi alipata tisa juu ya ishirini. Alijitafutia mwenyewe kwenye mbao, akanifuata kwenye kiti. “Tonton, tisa. Iko mubaya, lakini si zero.” Anaingia darasani kila siku. Juzi alipita kwa kwado akamwambia, “Papa, orere ilifika,” na yule bwana, nasikia, aliomba radhi. Lakini nilipomuuliza kama anataka kubaki, alisema, “Kama mama anasema nirudie, nitarudia.” Anangoja neno lako.

Msalimie shemeji, na umwambie nimeheshimu zaidi kazi yake tangu nione mtoto wake alivyoibeba mpaka huku. Msalimie mama mkwe wako, na binti yako mkubwa aliyejifungua. Nataka kujua jina la mtoto. Msalimie pia katekista wetu wa zamani, kama bado anasikia.

Anyesi, imepita zaidi ya miaka ishirini tangu tukimbie vita Mitwaba. Wewe ulirudi kulipotulia. Mimi nimekuwa na sababu nyingi za kutorudi, na nyingine zilikuwa za kweli. Ukisema Mwadi abaki, mpigie yeye, usinipigie mimi, alisikie neno hilo kwa sauti yako. Ukisema arudi, nitafunga ofisi na kupanda lori pamoja naye. Nitashuka mimi kwanza, mbele ya watu wote watakaokuwa wamekuja kuangalia, ili wasimuulize yeye kilichomrudisha.

Ni mimi yaya wako, kaka yako mkubwa,
Ilunga Fideli