Kofia Mbele ya Mfalme Anayezama

Baba mpendwa,

Jana nilirudi kwenye yale makumbusho ya mjini kumwangalia yule mfalme wako wa pichani. Bado anazama. Barafu imepasuka chini ya farasi wake, maji meusi yamemfika kiunoni, joho lake la dhahabu linamvuta chini, na huko mawinguni malaika wanene wanampigia tarumbeta.

Unakumbuka siku ile? Tulikuwa tumetoka kanisani Hallunda, huku Stockholm, tukaingia mle kwa sababu ya baridi tu. Ukasimama mbele ya picha hiyo, kubwa kuliko ukuta wa sebule yetu ya Rissne, ukacheka hadi watu wakageuka.

“Malaika wote hawa, na hakuna hata mumoja mwenye anamupa mukono?”

Kisha kicheko kikakatika. Ukavua kofia, ukaishika kifuani. Mlinzi akatabasamu, akidhani unamheshimu mfalme wao. Mimi nilijua unamvulia Amani, mdogo wangu, aliyechukuliwa na Ziwa Tanganyika siku tuliyokimbia vita. Hatukumpata, hatukumzika. Hana hata kaburi la kuvuliwa kofia.

“Hakuna mwenye alijua kuogelea,” ukasema. “Hata mimi baba yake.”

Tulilia palepale, bila haya.

Bado nina hasira, baba. Si na wewe, ni na maji. Miaka yote hii navuka madaraja ya Stockholm nikitazama mbele tu, na mji wenyewe ni maji kila upande. Sasa mjukuu wako Sifa anafundishwa kuogelea shuleni. Mwezi uliopita akaniuliza kwa Kiswidi kama najua kuogelea: “Mamma, kan du simma?”

“Bado,” nikamjibu. Kesho yake nikajiandikisha.

Akina mama wa kwaya wananicheka, eti mtu mzima na nguo ya kuogelea! Mmoja alitaka tufunge na kuomba ili woga unitoke. Nikamwambia, “Funga, mama, nitashukuru. Lakini Jumanne mimi niko bwawani.”

Mwalimu anasema nayapiga maji kama mtu anayetwanga sombe, majani ya muhogo. Na atwange maneno yake! Kuelea nimeshaweza. Jumanne hii naachia ukingo, upande wa kina kirefu.

Sitafuti cheti, baba. Nataka siku Sifa akiniita kutoka majini, nisibaki ufukweni nikipiga kelele. Nitaingia, na nitamfikia.

Pumzika sasa. Mtoto niachie mimi.

Binti yako,
Riziki