Vidonge vya Tabaka Tatu

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Kisumu. Tarehe 23 Januari 1997.
Jina: Mbarak Idd Hemedi. Umri: miaka 68. Kazi: mwalimu wa madrasa. Makazi: Kaloleni, Kisumu.

Kwanza namtaja Mwenyezi Mungu, ambaye hakuna awezaye kumdanganya. Kisha nakusalimu wewe, Koplo, na wenzako wa kituo hiki.

Ninaishi na dada yangu Zeituni, mjane, anayeugua ugonjwa wa sukari. Hospitali ilimpa vidonge vya asubuhi, adhuhuri na jioni, vya kumezwa pamoja na chakula. Kwa hiyo hakufunga Ramadhani mbili zilizopita. Nilimweleza mara nyingi kwamba sheria imemruhusu mgonjwa ale, alishe maskini badala yake. Alilisha. Lakini kila magharibi alitupakulia futari, naye hakuketi nasi. Alisema haoni haya kwa watu, anaona haya kwa Mungu.

Mnamo tarehe 7 Januari, saa nne asubuhi, nilimsindikiza hadi nyumba moja Milimani, kwa mtu anayejiita Daktari Ogola. Zeituni alikuwa amesikia sokoni kwamba mtu huyo ana mashine ya kupiga chapa vidonge kama karatasi inavyopigwa chapa, kila mgonjwa na chake.

Mlangoni tulipokewa na karani wake, binti aitwaye Lornah. "Karibu Baba, karibu Mama. Daktari anaprinti, ngojeni kidogo."

Ndani niliona sanduku jeupe juu ya meza. Mkono mdogo wa chuma ulikwenda na kurudi juu ya unga ukinyunyiza maji ya rangi. Unga mwingine ukamwagwa juu yake, na mkono ukapita tena. Ogola alisema ndivyo kidonge kinavyojengwa, tabaka juu ya tabaka. Alimchoma dada yangu kidole, akapaka damu kwenye kioo, akakiweka kioo hicho dirishani. Hakukitazama tena.

"Mama," akasema, "yako ni ya tabaka tatu. Nyekundu inayeyuka saa ya daku. Njano inangoja adhuhuri. Kijani inangoja alasiri. Unameza moja tu, unafunga mpaka Idd."

Nilimuuliza tabaka la njano linajuaje kwamba adhuhuri imeingia. Akacheka.

"Mzee, wewe ni wa msikiti, chunga msikiti. Dawa niachie mimi. Hii ni teknolojia ya Amerika, bwana, si mizizi."

Sikatai kwamba ng'ambo huenda wapo wataalamu wanaotafuta namna ya kujenga dawa hivyo, kwa kipimo cha mtu mmoja. Huyu si mmoja wao. Huyu alichukua tumaini lao akalivaa kama koti la kuazima.

Tulipokuwa tukitoka, mwanamume mmoja kutoka Awasi alimwomba Lornah dawa yake ya presha. Lornah alimhesabia vidonge kutoka kopo lilelile alilomtolea dada yangu. Nyekundu, njano, kijani. Nilimwambia Zeituni nilichokiona. Akanijibu, "Kaka, kwani hutaki nifunge?"

Ramadhani ilipoingia, aliacha vidonge vya hospitali, akawa anameza kimoja cha Ogola wakati wa daku. Siku za mwanzo aliketi nasi kwenye futari, amejifunga leso mpya kana kwamba ni sikukuu. Kisha akaanza kunywa maji bila kutosheka, na macho yakaingia kiwi.

Mnamo tarehe 20 Januari, baada ya alasiri, nilimkuta amelala kando ya jiko, haitiki. Jirani yangu Wakhisi alitupeleka hospitali kwa gari lake. Daktari wa wodi aliuliza anatumia dawa gani, nami nikarudi nyumbani kuleta kopo alimoweka vidonge vya Ogola.

Sisimizi walikuwa wamelitangulia. Walitoka ufa wa ukuta kwa mstari hadi ndani ya kopo, wala hawakubagua nyekundu na kijani. Nilitia kidonge kimoja katika bilauri ya maji. Hakikungoja adhuhuri. Kiliyeyuka chote kabla sijamaliza kusoma Alhamdu. Nilikuwa nimefunga, sikuonja. Daktari ndiye aliyeonja kwa ncha ya ulimi, akasema, "Mzee, hii ni sukari."

Ogola alimlisha mgonjwa wa sukari sukari. Mwizi wa kuku angalau hukimbia. Huyu alituketisha kwenye viti.

Kesho yake asubuhi nilimfuata Ogola Milimani. Akasema, "Mzee, pole, Mama amekosea masharti. Leta damu nyingine nimprintie tabaka nne, bure." Yapo maneno ambayo kuyajibu ni kuyapa heshima. Nilikuja moja kwa moja kwenu kutoa taarifa, mkaniambia nirudi leo kuandikisha maelezo.

Leo asubuhi Zeituni amefumbua macho. Aliutazama mpira ulio mkononi mwake, akauliza, "Kaka, haya maji ya mshipani yamenifunguza saumu?"

Nikamwambia, "Mungu alikufunguza siku ile ulipougua."

Akageukia ukutani, akalia. Kisha akamwambia muuguzi amletee uji usio na sukari.

Naomba sanduku lile lisirudi kwa mwenyewe, na yule mtu wa Awasi atafutwe upesi.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia, nami nimesomewa nikayathibitisha. Mwenyezi Mungu akulinde wewe usomaye haya na wote walio nyumbani mwako, awape afya, na asimfikishe mlangoni pako mtu atakayekuuzia ibada yako ndani ya kopo.

(Sahihi) Mbarak Idd Hemedi

Imeandikwa nami, Koplo Milka Kageha, saa sita na nusu mchana. Shahidi alikataa kiti hadi alipomaliza. Kielelezo: kopo moja la vidonge. Nimelifunga katika mifuko miwili ya plastiki, kwa sababu sisimizi wamekwisha kufika mezani.